Wamekuzika Bila Wewe, Baba Ayikoru

Mume wangu, Baba Ayikoru,

Jumamosi iliyopita tulikuzika. Nakuandikia mapema ili usije ukasikia kwa wengine, maana siku hizi habari ya Arua inafika Koboko kabla mwenyewe hajamaliza kuisema.

Uliondoka na lori la maharage na unga wa muhogo kwenda Juba, mvua za kwanza zikianza. Asubuhi ile ulikunywa chai umesimama, Ayikoru amekung'ang'ania suruali. Ukaniambia, "Mwalimu, chai iko tamu." Nikakujibu, "Chai ni tamu." Ukacheka, ukasema Kiswahili changu cha chuo kikifika mpakani Oraba, watu wa forodha watakirudisha. Ndivyo tulivyokuwa tangu tulipojuana pale Vurra, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Congo: mimi nikihangaika na ngeli, wewe ukihangaika na njia.

Simu yako iliponyamaza nilisema ni mtandao. Baadaye nikasema ni betri. Mwishowe nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Koboko kumtafuta Sadiki, dereva mwenzako, kwa kuwa yeye alipita njia ile ile nyuma yako. Nilimkuta anabadilisha tairi. Aliponiona aliweka spana chini, akanitolea kiti.

"Mama, mimi hapana ficha wewe," alisema. "Gari yake mimi niliona. Iko kando ya barabara, imeungua yote."

"Na yeye?"

"Mutu hapana. Ndani hapana, kwa majani hapana. Mimi naita jina yake mpaka sauti inaisha."

Nilirudi na jibu hilo: lori lipo, mtu hayupo. Nikaanza kuzunguka maofisini. Upande wetu wakaniambia jambo limetokea ng'ambo, niulize ng'ambo. Ng'ambo wakaniambia aliyepotea ni Mganda, niulize Uganda. Mpaka uliokuwa ukiuvuka huku unatafuna mahindi ya kuchoma, kwangu uligeuka ukuta.

Mji wenyewe haukukungoja. Sisi ni jiji sasa, na mbuzi wa kaka yako Ezati wanalala chini ya bango linalotangaza hivyo. Nguzo ya umeme imesimikwa karibu na mlango wetu, waya ukapita juu ukaenda kwa wengine. Sisi tumebaki na heshima ya nguzo. Huko juu wamesema Kiswahili kifundishwe kila mahali, nami nafundisha, na watoto wananiuliza kwa nini nawapa lugha ya askari. Siku moja nikawaambia ni lugha ya baba yake Ayikoru pia. Wakainamia madaftari, kwa sababu majumbani kwao walikuwa wameshasikia habari zako.

Kisha Ezati akaja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilishajiambia kwamba anataka shamba lako la Ayivu, kwa kuwa sasa kila kichaka kinaitwa kiwanja. Lakini aliketi kwenye kiti chako akiwa amekonda kuliko mimi.

"Shemeji, sisi hapana weza kaa hivi. Mama anakwisha na kungoja. Wacha tulie yeye."

"Utamzika nani, Ezati? Mwili uko wapi?"

"Mimi hapana jua. Lakini kama iko hai, kulia yetu haiwezi kumuua."

Nikamwambia waje. Wakafunga maturubai, wakaleta masufuria, na watu wakaja kutoka Ombaci na kutoka Koboko. Na kwa kuwa ni msimu wa kampeni, akaja pia mgombea na spika zake. Alikosea jina, akakuita marehemu Andrea kuanzia mwanzo wa hotuba hadi mwisho. Aliahidi kututengenezea barabara ya lami mpaka uani, ili wageni wa msiba ujao wasipate taabu. Watu wakapiga makofi, wakagawiwa fulana.

Ayikoru akaninong'oneza, "Mama, Andrea ni nani?"

"Simjui."

"Sasa tunamlilia kwa nini?"

Katekista naye alinivuta pembeni, maskini, kitabu mkononi. Akaniuliza kwa upole asome sala ya marehemu au ya wasafiri. Nikamwambia ya wasafiri. Alipofika mbele ya wazee akasoma zote mbili.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Wazee wakaomba nguo uliyoivaa sana, ili shimo lisifukiwe tupu. Niliingia ndani nikalikumbatia lile koti lako la kijani, nikasema silitoi. Alikuja shangazi yako, nikakataa. Alikuja Ezati, nikakataa. Mwisho akaja mama yako, akiambaa na ukuta, akaketi nami kwenye mkeka. Hakunibembeleza.

"Wewe una kitanda chake," aliniambia. "Una mtoto mwenye uso wake. Nipe na mimi mahali pa kulilia."

Nikampa. Walilikunja kama mtu aliyelala ubavu. Kabla ya kulishusha, Ezati alipiga magoti, akalifunga vifungo kimoja kimoja, kana kwamba baridi ingekupata. Hapo ndipo nilipopiga ukelele, na wanawake wakamshukuru Mungu kwamba hatimaye nimelia.

Tangu hapo sijui mimi ni nani. Jirani akisema "mjane", nageuka kutazama anamsema nani. Mama yako sasa anakula kidogo, kaburi limemsaidia. Mimi halijanisaidia. Kuna saa naomba mwili wako uonekane tu, popote, nipate kupumzika, halafu naukasirikia mdomo wangu mwenyewe. Wanaume wawili wananichosha, mmoja aliye hai asiyerudi na mmoja aliyekufa asiyepatikana, na wote ni wewe. Kutumaini kumenimaliza, na kuacha kutumaini sijui kunaanzia wapi.

Kwa hiyo nisikilize. Kama unapumua, njoo. Ila usije kinyemela kama ulivyozoea kutushtua. Njoo mchana, usimame kwanza barabarani, umwite Ezati kwa sauti, maana hapa wewe umeshazikwa na watu wanaogopa. Watoto watakimbia, usiwafuate. Mama yako usimsogelee ghafla.

Mimi sitakimbia. Njoo umeungua, njoo bila miguu. Hata kama kweli umekufa, njoo hivyo hivyo. Sitakimbia.

Nakuaga kwa mdomo tu, moyo haujakubali.

Mkeo,
Mama Ayikoru