Draiva Niliyomwekea Dubow

Hani, wameikataa. Ile draiva, programu ya kuendesha kadi ya mtandao, niliyoiandikia kerneli ya bure, kile kiini cha mfumo wa kompyuta kinachoandikwa na watu wa kujitolea, wameikataa.

Unajua Dubow huzima jenereta ya ofisi yake hapa Garissa kila swala. Kompyuta zinabaki kwenye betri, mtandao unakatika. Draiva yangu ilikuwa ikiunganisha yenyewe umeme ukirudi.

Henrik, anayewakagulia hiyo kerneli, kaandika: "Draiva iripoti tu. Kuunganisha ni kazi ya programu nyingine." Ipi? Bado haijaandikwa. Haijaandikwa, Hani. Hata mwaka '96 alinijibu hivyohivyo, sijasahau.

Leo nimemwekea Dubow toleo wanalolikubali wao, la kuripoti tu. Tumetoka kuswali adhuhuri, jenereta ikawashwa, mtandao haukurudi.

Dubow anarudi kwenye mfumo wa kompyuta wa kununua. Ameniuliza taratibu, "Walaal, ndugu yangu, si ulisema hiyo kitu ni ya sisi wote?"

Nilisema, Hani. Mbele ya wafanyakazi wake wote.