Matundu Uliyoyaziba kwenye Gari la Baba

Mtaa wa Gloria, Nambari 47,
Cienfuegos, Cuba,
21 Oktoba 1999.

Mpendwa kaka Leovigildo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Nereida na watoto. Mgongo wako umepona? Huku baba anakula vizuri, sukari yake imetulia, na bado anachomoa mfukoni picha yako uliyopigwa huko Marekani, Hialeah, amwonyeshe kila anayepita kuomba chumvi. Mimi sijambo, kwa mwili tu.

Barua yako ya Septemba ilifika. Baba aliniamuru nimsomee kwa sauti, nami nikasoma mpaka pale ulipoandika kwamba Migdalia ameliozesha gari, hafai kushika usukani, liuzwe kabla halijawa chuma chakavu. Unajua ilivyo kumsomea baba yako maneno kama hayo kwa kinywa chako mwenyewe? Hujui. Wewe kazi yako kuandika.

Najua baba alikusimulia kwa simu habari ya Julai, lakini yeye hakuwemo garini. Ilikuwa siku ya Yanelis, binti wa jirani yetu Eneida, kutimiza miaka kumi na mitano, na gauni la kukodi lilijaa kiti chote cha nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumatano. Tulipofika kwenye kona ya barabara ya Prado nikakanyaga breki, na maji yaliyokuwa yamejificha chini ya zulia yakasukumwa mbele, kisha yakarudi nyuma yote kwa pamoja.

"Mama, viatu vyangu!" mtoto akalia.

"Wee Migdalia, hili gari au beseni?" Eneida akanipigia kelele.

Wanaume waliokuwa wanacheza domino pale nje hawakuniacha nipite. "Mwacheni binti aogelee, si sherehe yake!" Tuliporudi, baba alikuwa mlangoni. Alimtazama Yanelis akishuka na gauni limelowa mpaka magotini, akaninyooshea mkono. Nikampa ufunguo. Ufunguo anao shingoni tangu siku ile, kwenye mkufu mmoja na medali ya Bikira, na mnunuzi kutoka Sagua atakuja kulichukua gari Ijumaa tarehe 12 Novemba.

Miaka sita nimebeba wagonjwa, wachuuzi na maharusi kwa gari hilo. Wewe baba alikupa kila kitu bila kuombwa. Mimi alinipa kitu kimoja, akanifundisha mwenyewe, yeye aliyekuwa akisema gari si la wasichana. Ndicho unachotaka kiuzwe.

Wiki iliyopita baba alikwenda zahanati, nikaingia garini. Mlango wa kushoto haujawahi kukubali kufungwa kwa ufunguo, kwa hiyo sikuuhitaji.

Unakumbuka yale matundu chini ya kioo cha mbele, ambako vijani vya mti wetu wa mkrismasi huangukia? Maji huingia pale kwa sababu yametengenezewa njia. Hupita pembeni na kutokea kwenye mipira miwili ya kutolea maji nyuma ya magurudumu ya mbele. Milango nayo ni hivyo hivyo, mvua hupenya kando ya kioo, hushuka ndani ya mlango, hutokea kwenye vitundu vya chini. Kila Jumamosi nilikuwa nazoa majani, napitisha mpira wa dripu taratibu (si waya, waya huchana), kisha namimina glasi ya maji na kuchutama kando ya gurudumu mpaka niyaone yanatoka. Kazi ya robo saa.

Ndipo Mei, kabla ya kuondoka, ukaja na rangi yako ya kutuagia. "Nimelitengeneza lote," ukaniambia, "usilichokonoe mpaka mwaka uishe, rangi bado changa." Nikatii kwa kuwa wewe ni kaka yangu. Hilo ndilo kosa langu, na sina jingine.

Uliona maji yanadondoka chini ya milango, ukadhani gari linavuja. Kumbe lilikuwa linajikausha! Ukachukua lile povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni, ukaliyeyusha kwa petroli kama mtaa mzima unavyofanya kuzibia mabonyeo ya magari, lakini wewe ukaziba njia za maji. Milango yote minne, na ile mipira miwili. Ukapaka rangi juu, ukapanda ndege, na kutoka huko ukaniita mzembe.

Nilichokonoa kwa ufito wa mwavuli hadi vidole vikavimba. Maji meusi yalitoka na tope la majani, yananuka, yakanilowesha mikono yote. Sakafu imeanza kutu lakini bado ni nzima. Gari linapona, kaka, nikiachiwa.

Vizibo vingi vilivunjika. Kimoja tu, cha mlango wa dereva, kilitoka kizima. Ulikikandamiza kwa dole gumba kabla hakijakauka, na alama imebaki pale, pamoja na lile kovu la panga ulilopata ukikata miwa kwenye kambi ya shule, limekata dole kwa mshazari.

Ningeweza kumwekea baba kizibo hicho mezani, kando ya kahawa yake. Nilikishika siku tatu nikijiandaa. Kisha akaitoa tena picha yako, akaifuta kwa mkono wa shati, nikashindwa. Sitaki niwe mimi wa kumfanya aichane.

Kwa hiyo useme wewe. Eneida ana simu, na baba huwa kwake kila Jumapili baada ya misa. Zimebaki Jumapili tatu.

Msalimie wifi Nereida. Waambie Raidel na Dayami shangazi yao anawakumbuka. Shangazi Obdulia anakuombea heri, hajui lolote. Mungu awape afya nyote, na wewe akuongezee ujasiri wa dakika tano.

Bi Hortensia anayekuletea barua hii amebeba pia soksi ya mtoto iliyofungwa fundo. Kizibo kimo humo. Sina ushahidi mwingine, na huo nimeutoa nyumbani nikautia mkononi mwako. Weka dole gumba lako pale, kaka, halafu umpigie baba.

Dada yako anayekupenda hata kwa hasira hizi,

Migdalia