Swali la Mama Neema

Jumapili, Novemba 2004. Kilburn.

Mvua ya leo haidondoki, inaning'inia tu hewani, na kioo cha dirisha langu kimeshika ukungu tangu alfajiri. Sasa ni saa tano. Kule Tottenham bila shaka wako kwenye pambio la pili. Mimi nimekaa kitandani na soksi mbili mbili, naandika.

Ni Jumapili ya kwanza kukosa ibada tangu nifike London, na huu ni mwaka wa nne.

Hakuna aliyenifukuza. Hilo naliandika mapema, nisije nikajionea huruma kupita kiasi.

Kwa asiyenijua: mimi ni binti wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Lushoto. Babu yangu alibatizwa na wamisionari wa Kijerumani. Hapa nasoma shahada ya uzamili ya theolojia, na asubuhi kabla ya masomo nasafisha ofisi. Nabeba boksi, kama tunavyosema Watanzania wa huku. Tasnifu yangu inahusu wanatheolojia wa Kijerumani wa karne ya kumi na tisa, wale walioiuliza Biblia maswali ambayo mtu huuliza hati yoyote ya kale: nani aliandika, lini, akiwaandikia akina nani. Hawakuwa wapagani. Wengi walikuwa watoto wa wachungaji kama mimi. Walikuwa na vyuo vikuu, maktaba, na uvumilivu wa kukaa na mstari mmoja wiki nzima. Walichokianzisha kimeenea kiasi kwamba leo ni shida kusoma theolojia chuo kikuu, hapa au nyumbani, bila kupita mikononi mwao.

Darasani kwetu watu huyasikiliza mambo hayo wakipiga miayo. Nikasahau kwamba kuna mahali yanaunguza.

Kila Jumamosi mchana nilikuwa nafundisha Biblia katika kanisa letu la Kiswahili, kwenye ukumbi wa kukodi Tottenham. Wengi wetu pale ni Wakongo wa mashariki. Jumamosi ya wiki jana Mama Neema alinyoosha mkono. Ni mama wa Uvira, mjane, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee; "ndiye" na "ndipo" zetu kwake ni "njo".

"Mwalimu, miye nasoma hapa sielewi. Sura ya kwanza, wanyama wanaumbwa mbele, mtu anakuja nyuma. Sura ya pili, mtu njo wa kwanza. Tushike gani?"

Ningeweza kusema ni siri ya Mungu. Nimeshasema hivyo mara mbili huko nyuma, kwa maswali mengine. Siku hiyo nikasema ninachokijua: kwamba wataalamu wengi wanaona hizo ni simulizi mbili, za waandishi wa nyakati tofauti, zilizoshonwa pamoja baadaye. Kwamba ile ya kwanza huenda iliandikwa na makuhani waliokuwa uhamishoni Babeli. Kwamba Musa hakuandika yote.

Shemasi mmoja akafunga Biblia yake taratibu, akaibana kwapani, akatoka.

Nikiri kitu. Kabla hofu haijanishika, kwa muda mfupi sana, nilifurahi. Nilifurahi kuwa mimi ndiye niliyejua.

Jumanne mchungaji akapiga simu. Ni mtu mpole, hapandishi sauti hata kwenye mahubiri.

"Dada Naomi, hawa watu wamepoteza nyumba, wengine wamepoteza watoto. Kitu kilichobaki mikononi mwao ni hii Biblia. Usiwaguse hapo. Pumzika kidogo na darasa."

"Nipumzike mpaka lini, Mchungaji?"

"Tutaona."

Sikubishana, kwa sababu hakukosea. Hakukosea yote.

Kuna profesa mmoja niliyemsoma maktabani, kwa Kijerumani changu cha kamusi mkononi. Aliomba aondolewe kwenye ualimu wa theolojia, kwa kuwa aliona kadiri anavyofundisha ndivyo wanafunzi wake wanavyozidi kutofaa kwa uchungaji. Akaacha kiti chake, akaenda kufundisha lugha. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliiona inavutia, nikainakili kwenye kadi zangu za tasnifu. Wiki hii nimejiuliza siku ile alikula chakula cha jioni na nani.

Jana nikampigia Baba. Nilitegemea anigombeze. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo.

"Naomi, hayo tulifundishwa chuoni. Simulizi mbili, waandishi mbalimbali, yote hayo. Niliyafanyia mtihani."

"Mbona hukuwahi kusema, Baba? Miaka yote ile mimbarini?"

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Usharikani nilikuwa peke yangu, mwanangu. Ningezungumza na nani?"

Nimekua katika nyumba ile. Nimekula naye, nimembebea kanzu yake ya ibada, nimemsikia akihubiri juu ya bustani na mti na nyoka, nikimwona mtu asiye na swali hata moja. Kumbe alikuwa nalo, akilala nalo, akiamka nalo. Nami nilikuwa chumba cha pili.

Sikujua kwamba upweke nao hurithiwa.

Nimekatizwa. Simu imelia nikiwa nimefika hapo, na sasa ni saa nane. Alikuwa Mama Neema, akipiga kutoka kazini, wakati wa mapumziko yake.

"Mwalimu, wamesema umepumzika. Ni sababu yangu?"

"Hapana, Mama. Siyo wewe."

"Wale walioandika sura ya kwanza, ulisema walikuwa wapi?"

"Babeli. Walipelekwa mateka."

"Na kwao kulichomwa?"

"Kulichomwa. Na hekalu pia."

"Halafu njo wakaandika kila kitu kilikuwa chema?"

"Wengi wanaona hivyo."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Miye singeweza," akasema. "Wiki nzima nawaza ile. Miye singeweza."

Nina kadi nyingi kuhusu sura ile: mtindo wake, msamiati wake, mabishano ya maprofesa juu ya tarehe yake. Sina kadi yenye neno hilo.

Kisha akaniomba, kama kawaida yake: "Uniombee, Mwalimu, kabla sijarudi kwa wazee wangu."

Hapa kuna jambo ambalo sijaliandika popote. Tangu mwaka jana siwezi kuomba. Jumamosi nilikuwa nayasema maneno tu, kwa kuwa nayajua tangu utoto. Ningependa kuwasingizia Wajerumani, lakini si wao. Imani ilipungua polepole, kama lugha inavyompungukia mtu asiye na wa kuzungumza naye.

"Siwezi, Mama," nikasema. "Siku hizi siwezi."

Ni mara ya kwanza kumwambia mtu. Hakuuliza kwa nini.

"Basi miye nitaomba. We sikiliza."

Akaomba kwa Kifuliiru, lugha ya kwao. Sikuelewa ila jina langu na la binti yake, Neema. Alipomaliza sikusema amina. Lakini sikukata simu, naye hakukata. Tukakaa hivyo, kila mtu na pumzi zake, mpaka kengele ya mzee mmoja ikalia upande wake, akaniaga mbio mbio.

Chumba kimerudi kuwa kimya. Nimechemsha chai, imepoa bila kunywewa.

Jumapili ijayo nitakwenda. Sitaomba nirudishiwe darasa. Nitakaa benchi la nyuma na Mama Neema, kama hatakuwa na zamu.

Akiwa na zamu, nitakaa peke yangu.