Sugu ya Kidole cha Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Miezi kumi na moja sijakufungua. Mwanafunzi angeniletea uzembe wa namna hiyo, ningemsimamisha nyuma ya darasa. Udhuru wangu ni huu: mume wangu, Fundi, alipasuliwa tezi dume. Alipona, akarudi kwenye cherehani yake, na tangu hapo analala akiutazama ukuta. Nililokuwa nalo moyoni halikuandikika.

Leo lipo la kuandika. Mwanafunzi wangu wa zamani, niliyempachika jina la Kasuku kwa kupiga domo darasani, sasa ni daktari wa ubongo. Amenijia na karatasi arobaini. Anachunguza raha ya kujamiiana kwa watu waliopita miaka sitini – ubongo unafanya nini raha inapokuja. Anataka nimsahihishie hojaji.

– Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usinichape.

Nimemwambia fimbo imestaafu. Kalamu nyekundu bado.

Jumatano, 5 Machi

Hojaji inatia aibu. Si kwa matusi – kwa woga! "Huko chini." "Ile shughuli." "Sehemu zako." Sehemu zipi? Bibi wa miaka sabini atadhani anaulizwa habari za magoti. Nimezifuta zote. Nimeandika uke, uume, kinembe, kufika kileleni. Miaka thelathini na minne nimefundisha kwamba kitu chenye jina kiitwe kwa jina lake. Sijui kwa nini nilidhani sheria hiyo inaishia mlangoni mwa chumba cha kulala.

Fundi alipita nyuma yangu na kikombe cha chai. Akasoma. Akasoma tena.

– Mwalimu, na wewe umeanza kuandika ya kwenye kuta za choo?

Nikamjibu kwamba ni sayansi. Akacheka hadi chai ikamwagika. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu alipoingia hospitali.

Jumanne, 11 Machi

Kasuku hapati watu wa kupigwa picha za ubongo. Wazee wanakubali kwa mdomo, siku ikifika wote wanaumwa mgongo. Akaniuliza, huku akitazama viatu vyake, kama mimi na mzee tungeweza kusaidia. Ni kushikwa mkono tu, basi. Nikasema hapana.

Fundi alikuwa anatia uzi sindanoni. Hakuinua kichwa.

– Twende.

Kwa nini? Akarudi kwenye uzi wake. Haya, twende.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekwenda. Nitaandika kwa utaratibu, ingawa moyo hauna utaratibu.

Hereni, vibanio vya nywele, hata sidiria – chochote chenye chuma kinabaki nje, kwa sababu mashine ni sumaku kubwa. Nikalazwa, kichwa kikabanwa kwa sponji. Mpiga picha, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamuru jeshi, akanionya: nikitikisa kichwa, picha zimeharibika. Kisha nikasukumwa ndani. Kelele zake! Kama mafundi bati kumi waliogombana.

Juu ya macho kuna kioo kidogo kinachoonyesha taa tu. Taa ya kijani ikiwaka, Fundi ananipapasa mkono, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ikiwaka ya bluu, ni mpiga picha. Mimi nabonyeza kitufe: raha kiasi gani, sifuri hadi kumi.

Kijani. Fundi. Nikabonyeza nane. Bluu. Mpiga picha. Mbili, kwa adabu. Tena kijani – mkono ukapita, laini kama sabuni. Laini! Kidole cha kati cha Fundi kina sugu ngumu kama punje ya mahindi. Miaka hamsini anasukuma sindano kwa kidole kitupu. Kofia ya chuma ya kukinga kidole anaiona mzigo. Sugu hiyo naijua tangu nina kiuno.

– Huyu si mume wangu!

Nimepiga kelele ndani ya mashine ya watu. Kichwa kikatikisika. Picha zikaharibika. Mimi, niliyewafukuza wanafunzi kwa kunong'ona!

Tukaanza upya. Ilipowaka bluu, sugu ikapita polepole. Tisa.

Baadaye Kasuku alikiri, akijikuna kichwa. Taa zilikuwa zinadanganya makusudi. Alitaka kujua raha imo kwenye ngozi au imo katika kumjua anayekugusa.

– Vijana thelathini wa majaribio wamepita hapo, Mwalimu, hakuna aliyeshtuka. Umenivunjia mtego.

Nikamwambia mtego wake haukuwa na habari za Fundi.

Akatuonyesha picha. Ubongo wangu, wa kijivu, mikunjo mitupu. Ndani kabisa, doa la rangi ya chungwa. Alisema hapo ndipo ubongo unapongojea kitu unachokitaka. Damu hukimbilia huko. Doa liliwaka sekunde chache kabla ya kuguswa, taa ya kijani ilipotokea tu. Kwa bluu halikuwaka, hadi sugu ilipopita.

Fundi aliinama akalitazama kama anavyokagua mshono.

– Hilo ni mimi?

– Picha moja haithibitishi kitu, mzee, alisema Kasuku. Lazima zikusanywe nyingi.

– Ni wewe, nikasema.

Njiani nilimuuliza kwa nini alisema twende. Akasema tangu kisu kipite alijiona kama kabati la pale nyumbani: lipo, linafutwa vumbi. Alitaka kujua kama bado namtaka. Kuniuliza mwenyewe kulimshinda.

Nami nilidhani anautazama ukuta kwa kunichoka!

Jumapili, 16 Machi

Ukuta umelala peke yake. Tumelala uso kwa uso, mkono kwa mkono. Basi. Inatosha.

Jumatano, 19 Machi

Kasuku amepiga simu. Ana awamu ya pili. Mume na mke, shuka juu, mkono wa mume, hadi kileleni – au popote safari itakapofikia. Mpiga picha atakuwa nyuma ya dirisha la kioo. Kichwa kisitikisike!

Nimemuuliza kama amewahi kufika huko bila kutikisa kichwa. Kasuku amekimbilia kunieleza habari za fomu.

Fomu inataka sahihi mbili kabla ya Jumatatu.

Alhamisi, 20 Machi

Kitinda mimba wetu amesikia. Sijui nani kamwambia, namshuku babake.

– Mama, kwa umri wenu! Watu wakijua je?

– Watajua nini, kwamba nina ubongo?

Akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini, kuuliza lile doa linawaka vipi hasa. Nimemwambia amuulize mumewe.

Jioni nimemkuta Fundi uani na jiwe la kusugulia miguu, anasugua kidole cha kati. Ati huko ngozi ni laini, asije akaniumiza. Nimempokonya jiwe. Nimelitupa nje ya ua.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi ametia sahihi. Nafasi yangu ingali tupu.

Si aibu. Aibu niliifuta kwa wino mwekundu. Ni hofu. Tangu apasuliwe hatujajaribu lolote. Tukishindwa mbele ya kioo cha watu, atarudi ukutani, na safari hii sitamtoa. Nimemwambia hivyo mchana huu, wazi, bila "ile shughuli".

Alinisikiliza hadi mwisho.

– Basi tujaribu hapa kwanza. Pasipo picha.

Saa kumi alasiri. Cherehani imenyamaza. Nasikia pazia la chumbani linavutwa. Ananiita – si Mwalimu. Ananiita kwa jina ambalo hata wewe, daftari, hulijui. Nikubali fomu, nisikubali? Tukishaamua, utakuwa wa kwanza kuandikiwa. Anaita tena. Kifuniko cha kalamu kimeangukia wapi? Kikae hukohuko.