Waya wa Usukani

Mpendwa dada,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba mama mkwe wako hakuachi ubebe ndoo. Sisi huku ni wazima.

Najua shemeji, mumeo, alikupigia simu akakuambia kwamba Jumanne upepo ulituchelewesha. Ni kweli, ila si kweli yote.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana karakanani. Mimi nafunga usukani wa pedali na waya kwenye kila kayaki, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, inayopita mikononi mwangu. Mumeo anauona mzigo. Husema mtu aiongoze kayaki kwa kiuno na kasia, maana chochote kinachotegemea waya kitamwangusha siku asiyoitaka. Mimi humwambia upepo wa ubavuni ukimkamata atapiga kasia upande mmoja mpaka bega ling'oke. Bega lilipoanza kumsumbua kweli, akanyoosha mikono. Nikamfungia.

Jumanne hiyo mimi naye tulivuka hadi kisiwani, kila mmoja na kayaki yake. Wakati wa kurudi upepo ukatubadilikia. Nikamsikia akipiga kelele kwamba pedali ya kulia imelegea. Waya ulikuwa umekatika, usukani umekwama umepinda kushoto. Kila alipojitahidi kuelekea nchi kavu, kayaki ilimgeuza kwenda bahari kuu. Kamba ya kuuinua usukani kutoka majini nayo ikagoma. Dada, nilimwona mumeo akitazama ufuko jinsi mtu anavyotazama basi lililomwacha. Nikamkaribia, nikalalia nyuma ya kayaki yake, mawimbi yakitugonganisha, nikavuta usukani mpaka ukang'oka na ngozi ya vidole vyangu. Kutoka hapo alirudi kwa kiuno na kasia, akiugulia maumivu.

Sasa lile ambalo sijamwambia yeyote. Asubuhi ile, kabla hatujaondoka, niliuona waya wa usukani wake umeanza kufumuka. Nyuzi mbili zilishakatika. Nilinyamaza. Ningesema, angenicheka wiki nzima. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa maji.

Jana aliniomba nimfungie usukani mwingine. Anasema mikono iliyomwokoa anaiamini. Kesho anakuja karakanani, na nitamweleza kabla sijashika bisibisi. Sijui atanitazamaje. Nimetaka wewe ulisikie kwangu kwanza.

Wabusu watoto, na mama mkwe mpe heshima zangu. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako,
Chiriku