Mapovu Juu ya Ziwa la Miburani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Somoe binti Matano
Umri: Miaka 61
Kazi: Mkulima wa mpunga
Makazi: Miburani, Mafia

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Mtuhumiwa Ukasha ni mwanangu wa kumzaa. Nimekuja kwa hiari yangu.

Shamba langu lipo kando ya ziwa. Masika yakikaribia, vyura wa mitini hutaga kwenye matawi yaliyoinamia maji. Mayai huyafunika kwa mapovu meupe, na viluwiluwi vikishatoka hudondoka ziwani. Vyura wakianza kulia, sisi tunasia mpunga. Lakini ziwa lina kina, kwa hiyo watoto tunawaambia mapovu yale ni mate ya shetani, wasisogee. Bibi aliniambia mimi, nami nikamwambia Ukasha. Mtu akikua analima, hujionea mwenyewe kuwa ni vyura tu. Ukasha hakulima. Alikwenda Ras Mkumbi kuvua angali mdogo.

Mnamo tarehe 9/3/2024 asubuhi, mjukuu wangu Zuena, binti wa Ukasha, aliamka na homa kali, anaweweseka. Jana yake alicheza ziwani. Ukasha akaniuliza, "Mama, aliyagusa?" Nikamjibu, "Baba, si wakati wa maswali. Mtoto apelekwe zahanati." Nikambeba mwenyewe nikaenda na mama yake. Ukasha alibaki.

Niliporudi mchana nilikuta matawi yamekatwa na kuchomwa, maji yananuka dizeli. Bata wa jirani wamekufa. Vyura wanaelea matumbo juu, wadogo wale, hata kiganja hawajazi. Ukasha amekaa ukingoni na dumu tupu la boti. Nikamwambia, "Wamempima. Ni malaria."

Akasema, "Kumbe si mate ya shetani?"

Nikamwondolea dumu mikononi.

Tangu siku hiyo mvua imenyesha, tena ya kutosha. Hakuna kilicholia. Majirani wamesia kwa kubahatisha, mimi mbegu zangu zimo ndani ya debe. Sina moyo wa kuzigusa. Ziwa limekufa, mwanangu mnaye humu ndani, nami nimechoka.

Niliyoyaona ndiyo hayo, na nimeyasema kama yalivyokuwa.

Dole gumba la shahidi: Somoe binti Matano

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Elineema, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Baada ya kuweka dole gumba aliuliza kama naye abaki kituoni na mwanawe. Nilimwambia aende nyumbani. Bado amekaa kwenye benchi.