Viazi Vinavyolia Menoni

Dada yangu Nasimiyu,

Pole na kazi za shamba, na pole zaidi na hilo goti. Mke wa Mwalimu Barasa aliniambia bado linakusumbua asubuhi ukiinuka. Unalikanda kwa maji moto, ama umeacha kwa kuwa hakuna wa kukukumbusha? Mimi mwili ni mzima, ila baridi ya Naro Moru sijaizoea hata baada ya miaka hii yote. Mlima umejifunika wiki nzima na nguo hazikauki. Nafula naye ni mzima, hana kikohozi, na amenenepa mashavu.

Najua unasubiri jibu. Uliniuliza kwenye simu: shule zinafunguliwa, mtoto anarudi kwako Chwele ama anabaki na mimi? Nikakwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa sawa, dada. Nyumba hii ni chumba kimoja, na Nafula alikuwa ameketi kitandani akinitazama mdomoni. Ndiyo maana naandika. Na kuandika kwenyewe ni shida: nakaa, nasimama, naenda dirishani, nafua soksi iliyokuwa safi, narudi.

Wiki ya kwanza ilinitesa. Si kwamba alikuwa mkaidi. Umemlea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu alikuja na adabu ya mgeni. "Asante, Anti." "Nimeshiba, Anti." Mimi niliyemzaa naitwa Anti, na akisema Mama najua ni wewe. Majirani wa ploti hii huniita Mama Nafula tangu kabla hawajamwona. Waliponiita hivyo mbele yake, aligeuka kutazama mlangoni kama ni wewe umefika. Chakula alikigusa tu. Githeri ya mahindi na maharagwe ilimshinda, mukimo wa viazi na majani aliuchokora akiuliza kwa nini ni kijani, na ugali wangu akasema ni mlaini kuliko wa nyumbani. Nilikuonea wivu, nakwambia bila kuficha.

Basi siku moja nikampikia kitu nilichojifunza kazini. Unajua napika kwenye kambi ya Wachina wanaojenga barabara. Mpishi mkuu ni mzee wao mmoja ambaye Kiswahili chake chote ni "haraka" na "bado", na kwa maneno hayo mawili amenifundisha mengi. Wao kiazi ni mboga ya pembeni, wanakila na wali. Unakikata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, unaviosha mpaka maji yaache weupe, unavichuja. Karai likipata moto sana unatia mafuta, pilipili kavu na kitunguu saumu, kisha viazi, unageuza bila kupumzika, siki kidogo, chumvi, unaepua vikiwa bado vigumu. Ukienda kufungua mlango umeviharibu.

Nafula alionja, machozi yakamtoka kwa pilipili, akafuta pua kwa mkono na kuongeza. Alilamba sahani! Nilitaka kupiga vigelegele.

Kesho yake akataka tena, na siku iliyofuata tena. Akawa anasimama kando ya meko akiuliza hiki na kile. "Anti, siki inauzwa Chwele?" Nikamjibu inauzwa kila duka, huku nikicheka, na sikusikia alichokuwa akiuliza. Mimi nilikuwa nimeshaulizia nafasi katika shule ya hapa karibu. Nilikuwa nimeshaona akilini sweta ya kijani inavyomkaa.

Jumapili jirani yangu Mama Wanjiru, mzaliwa wa hapa hapa na mtu mwema kweli, alitoka kanisani akapitia kwangu kusalimia. Akakuta ndio tunataka kupakua viazi. Akachukua vipande viwili kwa vidole, akatafuna, akatoa macho.

"Ai, Mama Nafula! Hii waru haijaiva! Ati mtoto atakula kitu inalia kwa meno?"

"Ndivyo inapikwa, Mama Wanjiru. Ni ya Wachina."

"Hao wako na haraka ya barabara. Huyu mtoto ataumwa na tumbo. Nipee hiyo karai."

Kabla sijainuka, karai lilikuwa limerudi motoni, kikombe kizima cha maji ndani, kifuniko juu, na yeye ameenda mbio kwake kuleta nyanya na dhania. Huku kiazi kisichopondeka ni aibu ya mwenye nyumba, na alitaka kuniokoa nayo. Mimi nilicheka. Nafula hakucheka. Alinyakua mwiko, akanigeukia.

"Mama! Mwambie asiharibu! Mama, vitalainika!"

Dada, nilishika ukingo wa meza. Aliniita Mama mara mbili na wala hakujua. Tulikula mchuzi wa viazi, tena mtamu, na Mama Wanjiru akaenda kwake ameridhika. Mimi sikujua ninakula nini. Kichwani nilikuwa tayari nakuandikia kwamba mtoto anabaki.

Jumatatu nilipotoka kazini nilimkuta anakata viazi mwenyewe, vinene hapa, vyembamba pale. Amejikata kidole, amekifunga kwa kitambaa, na hataki kupokonywa kisu. Nikamwambia asiharakishe, tuna muda, atajifunza.

"Hapana," akasema. "Nataka nijue kabla sijarudi. Mama hajawahi kula hivi."

Nikamuuliza kama hapendi kukaa na mimi.

"Napenda. Lakini wewe umezoea kukaa peke yako. Mama hajazoea."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kukata. Mimi nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo zilikuwa bado zinadondosha maji. Nimekukasirikia, dada. Halafu nikakushukuru, halafu nikakukasirikia tena, na mpaka sasa sijatulia. Tangu shemeji atutoke nimekuwa nikiwaza jinsi unavyomtunza Nafula. Sikuwahi kuwaza kwamba Nafula naye anakutunza wewe.

Nisalimie Baba, na umwambie koti la baridi nimelipata. Nisalimie kaka yetu Simiyu na pikipiki yake, apunguze mbio. Senge Nanjala, dada yake Baba, mwambie maombi yake yananifikia, asichoke.

Nafula anasafiri Jumamosi pamoja na mke wa Mwalimu Barasa. Barua hii nitaifunga kwa gundi na kumpa aibebe mwenyewe, kwa hiyo unapoisoma hapa ameshavua viatu mlangoni na umeshamkumbatia. Desemba muulize kama atakuja kwangu. Muulize tu, usimsukume. Akikataa, niandikie. Usinipigie simu.

Mdogo wako,
Nekesa